Kibao cha Njia ya Nyumbu

Rangi ya kibao ilikauka Jumatano, na Ijumaa asubuhi Bwana Obura akakifunga kwa kamba nyuma ya pikapu ya ofisi ya mifugo, akamwita Naliaka, mpiga chapa wake, apande.

"Beba na mtoto," alisema. "Mama Seleina akimwona huyu mwenye jina la mumewe, leo tutapewa chai mara mbili."

Naliaka alipanda na mwanawe mapajani. Alikuwa amevaa blauzi ya kola nyeupe, ile aliyokuwa akiivaa siku za mtihani. Maneno ya kibao aliyaandika yeye mwenyewe: NJIA YA PARSAOTI. NYUMBU WANAPITA HAPA. Fundi wa rangi alikuwa ameongeza pembe mbili juu ya herufi ya kwanza bila kuambiwa, na zilipendeza.

Parsaoti alikuwa bwana mifugo wa Kitengela kwa miaka kumi na mitano. Watu walimwita Daktari, ingawa mwenyewe alikuwa akisema kwamba chuo kikuu chake kilikuwa nyuma ya ng'ombe. Kuchanja ng'ombe ndiyo kazi aliyoajiriwa. Kazi ambayo hakuna aliyemtuma ni ya nyumbu. Kila mvua ndefu ikikaribia, nyumbu na pundamilia hutoka mbugani upande wa Nairobi, na kuteremkia tambarare za Kajiado kutafuta nyasi changa, na kila mwaka walikuta ua mpya umewazibia. Mashamba yalikuwa yanakatwa ploti, seng'enge zinavutwa, nyumba za mawe zinaota mahali ambapo jana palikuwa na vichaka.

Alianza na shamba lake mwenyewe. Aliacha ukanda wazi katikati, kisha akaenda kwa jirani, akanywa chai, asiseme neno lolote la nyumbu. Wiki ya pili akarudi, akanywa chai, akatazama meno ya mbuzi. Wiki ya tatu mwenye shamba akachoka kungoja: "Daktari, si useme tu unachotaka?" Hapo ndipo aliposema. Kwa njia hiyo akapata mashamba mengine manane, yakaungana na lake yakawa tisa. Hakuna aliyetia sahihi popote. Walimpa neno, naye akalichukua hivyo hivyo.

Naliaka alimjua mwaka wa 1996, alipotoka Bungoma akaandikwa kufagia ofisi. Siku moja Parsaoti alimkuta ameinamia kabati la dawa, midomo inacheza.

"Unasoma ama unatafuta picha?"

"Nasoma, Daktari. Lakini pole pole."

Tangu siku hiyo, ikifika saa kumi na moja jioni alikuwa akimnyang'anya ufagio. "Nenda ngumbaru. Vumbi halina haraka." Naliaka akaenda, miaka mitano, darasa la watu wazima kwenye shule ya msingi, magoti yakigonga madawati ya watoto. Alipofaulu, Parsaoti alimkalisha mbele ya taipureta na kumpa vijitabu vyake vya kuhesabia nyumbu avipige chapa, kimoja baada ya kingine. Ufagio ukapata mtu mwingine.

Kisha, mwezi wa pili mwaka wa 2003, homa ya mapafu ikamchukua Daktari kwa siku sita tu. Naliaka alikuwa na mimba ya miezi saba. Mtoto alipozaliwa alilia siku tatu. Mama yake Naliaka, aliyekuwa amekuja kutoka Bungoma kumwangalia mzazi, akafanya kama wanavyofanya kwao: akataja marehemu wa ukoo mmoja mmoja, babu, shangazi, mjomba aliyekufa jeshini. Mtoto akazidi kulia. Naliaka akasema kwa sauti ndogo, "Parsaoti." Mtoto akashika ziwa, akanyonya, akalala.

"Huyo si wa kwetu," mama yake alisema. "Lakini ndiye amekubali."

Basi mtoto akawa Parsaoti, na Naliaka akawa Mama Parsaoti ploti nzima. Nafiso wa duka la pembeni alimwita hivyo kutoka ng'ambo ya kamba za nguo, mara kumi kwa siku, kwa sauti ya kuamsha mtaa.

Mwaka mmoja ulikuwa umepita. Wakubwa wa Kajiado walikubali iwepo siku ya kumkumbuka, na kibao kisimikwe kwenye njia yake, Jumamosi ya wiki iliyofuata. Leo walikuwa wanakipeleka kwa mjane wake awaonyeshe pa kukichimbia.

Mama Seleina alikuwa uani, anamshika ndama masikio. Naliaka alimsalimia kwa Kimaasai, "Takwenya," naye akaitika, "Iko," ijapokuwa macho yake yalikuwa kwenye pikapu. Bwana Obura alikifungua kibao na kukisimamisha dhidi ya gurudumu, kisha akarudi nyuma hatua mbili kama mpiga picha.

Mama Seleina alisoma. Mkono ukaachia sikio la ndama.

"Na huyu hapa ndiye Parsaoti mdogo," Bwana Obura aliendelea, akimwinua mtoto juu. "Msalimie shosho, nyanya yako."

Mama huyo hakumgusa mtoto. Alijifunika mabega kwa shuka, akasema, "Kiondoeni," akaingia ndani. Mlango haukupigwa. Ulifungwa taratibu, na hilo lilimuuma Naliaka zaidi.

Seleina, binti yake, mwalimu wa nasari, alitoka jikoni akiwa na sufuria mkononi. Aliona kibao, akashusha pumzi.

"Nani amewaambia muandike hivyo?"

"Ni mimi," Naliaka alisema. "Nimekosea nini?"

"Kwetu mtu akienda, jina lake linawekwa chini. Haliitwi tena. Vijana wa mjini hawajali, hata mimi mwenyewe kwenye fomu za kazi naliandika. Lakini Mama ni Mama. Hamjasikia watu hapa tangu mazishi wanasema Daktari tu? Daktari ni kazi yake. Hiyo inaweza kutajwa."

"Niko Kajiado miaka minane," Bwana Obura alisema, "na hakuna mtu ameniambia hivyo."

"Uliuliza?"

Bwana Obura akavua kofia, akaivaa tena.

Naliaka alikuwa anafikiria maziwa. Zamani Mama Seleina alikuwa akimletea maziwa mpaka langoni mwa ploti kila asubuhi, akipita kuelekea sokoni. Mwezi ambao mtoto alizaliwa, maziwa yalikoma. Naliaka alidhani ni msiba. Aliwahi hata kumwombea kanisani.

"Alikuwa akifika langoni," Seleina alisema, kana kwamba amemsikia akifikiri, "anasikia linaitwa juu ya nguo, juu ya kuku, juu ya kila kitu. Akawa anapita njia ya nyuma. Sasa kibao. Atakiona kila akifungulia ng'ombe." Akaelekeza kidevu ukingoni mwa shamba. Palikuwa na rundo la nguzo mpya na mabunda mawili ya seng'enge. "Baba mdogo ndiye amezileta. Mama alikuwa anakataa mwaka mzima. Wiki iliyopita alisikia habari ya kibao, akasema, kama hii njia ndiyo italeta hilo jina mlangoni kwangu, basi ifungwe. Jumanne wanachimba mashimo."

"Na wale wengine wanane?" Naliaka aliuliza.

"Watatu wameshaniuliza seng'enge imetoka duka gani."

Walipakia kibao wakarudi. Mtoto peke yake ndiye aliyekuwa akiongea, lugha yake. Walipofika lami Bwana Obura alisema, "Nitapiga simu Kajiado, kwa mkuu wa tarafa. D.O. akija na barua, mama atakubali."

"Daktari hakuwahi kumpelekea mtu D.O.," Naliaka alisema.

"Jumanne ni siku nne, Naliaka."

"Zinatosha chai tatu."

Bwana Obura alimtazama, akaelewa. Akacheka kidogo, bila furaha nyingi. "Jaribu basi. Kibao nitakigeuza kiangalie ukuta."

Jioni ile alimweleza mumewe, Elphas, aliyekuwa ametoka zamu kiwandani Athi River, vumbi la simiti bado limo kwenye nyusi. Elphas alisikiliza huku akimlisha mtoto ugali kwa vidole.

"Sasa tumwite nani? Wewe?"

"Tumwite Baba kwanza, mpaka nijue."

"Mama yako atasema umemtupa marehemu nje."

Walienda kwenye simu ya jamii kabla giza halijaingia, wakampigia. Naliaka alieleza haraka haraka, kwa woga. Upande wa pili kuku walisikika, halafu mama yake akasema, "Jina likishakubali halitoki. Lakini yeye alitaka jina, hakutaka kelele. Mlifunge mahali pazuri." Akaulizia meno ya mtoto, akakata.

Kwa Nafiso ilikuwa kazi zaidi.

"Mwaka mzima nakuita hivyo, sasa unaniambia niache? Ulimi wangu umeshapinda."

"Unyooshe, dada yangu. Kuna mtu linamuumiza."

"Nani?"

"Mama wa maziwa."

Nafiso aliweka chini mzani aliokuwa akiufuta. "Yule alikuwa anasimama hapo langoni kama mtu amesahau kitu?" Akatikisa kichwa. "Na mimi nikipiga kelele mbele yake. Basi. Nikikosea nipige kiatu."

Jumamosi Naliaka alitembea, mtoto mgongoni, akapita ploti ya mwisho, akapita kisima, akaifuata njia ya ng'ombe. Mama Seleina alikuwa amekaa kivulini mwa nyumba, anasafisha kibuyu cha maziwa kwa kijinga cha moto, moshi mtamu ukitoka mdomoni mwa kibuyu.

"Takwenya."

Hakuna jibu. Naliaka alikaa kwenye jiwe. Seleina alileta chai, akamtazama mama yake, akaondoka zake. Naliaka alikunywa. Alitaka kusema pole, maneno yalikuwa yamejipanga kooni, lakini akayameza pamoja na chai. Alitazama ndama. Alisema tu, "Yule mwenye doa ana kupe sikioni." Kisha akashukuru, akaenda.

Jumapili alitoka kanisani moja kwa moja. Safari hii, aliposema "Takwenya," Mama Seleina alijibu "Iko" bila kuinua kichwa, na kikombe alikisukuma yeye mwenyewe kwa ncha ya vidole. Ndama mwenye doa alikuwa amepakwa dawa sikioni. Walikaa. Upepo ulikuwa unaanza kunuka mvua ya mbali. Mtoto, ambaye siku hizo alikuwa anatambaa kwa kasi ya panya, alielekea makaa. Mama Seleina alimdaka mguu.

"Huyu anataka kuungua."

"Hasikii, mama."

"Hasikii kwa sababu humwiti."

Naliaka alikuwa kweli amekaa siku mbili bila kumwita mwanawe jina lolote la maana, na ulimi wake ulikuwa mzito kama umelala. Alimpokea mtoto, akamfuta majivu, akaaga. Njiani alihesabu: imebaki siku moja, na nguzo zilikuwa tayari zimepangwa moja moja kwenye mstari, hatua sita sita, kutoka kisima mpaka barabarani.

Jumatatu aliomba ruhusa kazini. Alikuta Mama Seleina amekaa palepale, ila mara hii palikuwa na viti viwili. Chai ilikuwa imeshamiminwa. Naliaka alikunywa nusu kikombe akitazama milima ya Ngong mbali kule, na mama yule naye akawa anamtazama yeye.

"Sasa wewe," Mama Seleina alisema hatimaye. "Hiyo ni chai ya tatu. Unadhani sijui nani alikufundisha?"

Naliaka aliweka kikombe chini.

"Miaka yote hiyo nilikuwa nampikia chai akirudi, na tumbo lake limejaa chai ya watu. Sema unachotaka."

Lakini machozi yalitangulia. Mama Seleina alimngoja, bila kumhimiza wala kumnyamazisha.

"Nilikuja kusema sikuuliza," Naliaka alisema. "Nilichukua kitu cha nyumba yako bila kubisha hodi. Kwetu mtu mwema akienda, tunampa mtoto jina lake ili asipotee. Nilifikiri nakupelekea zawadi."

"Na kwetu tunamnyamazia. Si kumtupa. Mtu amelala, unamwitia nini?" Aligeuza kibuyu mikononi. "Mimi nilidhani mnamchezea. Nikisikia 'njoo uoge', 'wacha matope', kwa jina lile. Mwanamume ambaye hata mimi, mkewe, sikumwita hivyo mbele ya watu."

"Pole, mama."

"Pole na wewe. Hukujua." Akatazama mtoto, ambaye alikuwa amekaa kati ya miguu yao akivuta kamba ya kiatu. "Na hilo jina mmelipeleka wapi?"

"Liko kwenye kadi ya kliniki. Kadi nimeiweka ndani ya sanduku, chini ya cheti changu cha ngumbaru. Mama yangu amesema halitoki, lakini si lazima liitwe."

"Chini ya cheti." Mama Seleina aliwaza. "Hapo ni pazuri. Angependa hapo."

"Nilitaka kukuomba jina la kumwita."

"Jina si chumvi, uje na kijiko." Lakini hakulisema kwa ukali. "Na kibao?"

"Kibao tunaweza kukiacha kabisa. Mimi nimekuja juu ya njia. Ukifunga wewe, wote wanane watafunga, na nyumbu wiki hii wameanza kusogea. Kazi yake yote itaishia kwenye ile mistari ya nguzo. Na mimi ndiye nitakuwa nimeifunga, kwa kutaka kumheshimu."

Ndama mwenye doa alikuja akamnusa mtoto, mtoto akapiga chafya.

"Unajua alikuwa anasema nini kila mahali?" mama aliuliza. "Nikigombana na shemeji zangu. Mbuzi wakiingia mahindi. Watoto wakitaka kwenda sherehe nami nimekataa."

"Waache wapite," Naliaka alisema.

"Waache wapite." Pembe za macho yake zilikunjika. "Wakati mwingine nilitaka kumpiga na mwiko. Andika hayo. Kila mtu hapa mpaka Isinya atajua ni nani anaongea, na hakuna atakayekuwa amemwita." Akasimama, akajipukuta majivu kwenye shuka. "Nguzo nazo zina kazi. Ndama wangu wanalala na mbuzi kama hawana mwenyewe. Seleina. Mwambie baba yako mdogo kesho aje na jembe, lakini anachimba huku uani."

Jumamosi ya kumbukumbu watu walikuja wengi kuliko viti. D.O. alikuja na hotuba yake, akaisoma upesi kwa sababu ya jua. Kibao kilikuwa kimepakwa upya, pembe zimebaki: WAACHE WAPITE. Baadhi ya wazee waliposoma walicheka kimoyomoyo, mabega yakitikisika.

Naliaka alisimama na karatasi zake. Alikuwa ameandika hotuba neno kwa neno, ya kurasa tatu, lakini alipoona nyuso zile aliikunja na kufungua kijitabu kimoja cha zamani, kile chenye jalada la buluu.

"Haya aliyaandika mwenyewe Daktari," alisema. "Mimi nilipiga chapa tu. Tarehe tisa mwezi wa nne, 1998. Nyumbu mia mbili na sita. Pundamilia hamsini. Nimechelewa kurudi, chai imepoa, Mama Seleina haongei na mimi."

Kicheko kilitoka kwa wanawake kwanza. Mama Seleina aliziba mdomo kwa ncha ya shuka, naye mabega yalikuwa yakitikisika.

Akasoma zaidi. Mwaka wa ukame, nyumbu kumi na tisa tu, na chini yake ameandika: nitahesabu tena kesho. Kesho yake: kumi na tisa. Kesho kutwa: ishirini na moja, na mmoja ni mtoto.

Mzee Roble, mfanyabiashara wa ng'ombe aliyekuwa na shamba karibu na barabara, mmoja wa wale watatu walioulizia seng'enge, aliinua fimbo. "Na mimi nimo humo?"

Naliaka alipekua. "Mzee Roble umo. 1999. Chai ya tatu. Amekubali. Chai yake ina tangawizi nyingi, na ngamia aliyemnunua amedanganywa umri."

Watu walicheka mpaka D.O. akasahau itifaki. Mzee Roble alisubiri kelele zitulie. "Ni kweli kuhusu ngamia," alisema. "Na neno nililompa bado ni lile lile. Nani alisema nataka seng'enge?"

Wale wawili wengine walikuwa wakitazama viatu vyao.

Baada ya nyama na soda, Mama Seleina alimjia Naliaka mbele ya wote. Mtoto alikuwa begani, amechoka, kichwa kimeinama chenyewe, kama watoto wa Kimaasai wanavyofundishwa kuinamisha wakisalimia wakubwa. Mama aliweka kiganja juu ya kile kichwa, akakiacha hapo.

"Loserian," alisema. "Wa amani. Huyo nimempa mimi, mnaweza kumpigia kelele mpendavyo."

Jumatatu, kabla ya saa moja asubuhi, Naliaka alikuwa anafunga vifungo vya blauzi aliposikia debe la maziwa likigonga lango la chuma. Nafiso alifika pale kabla yake, mikono kiunoni.

"Mama Pa—" alianza, akajipiga mdomo. Mama Seleina alimtazama. Nafiso alivuta pumzi, akageuka, akaita kwa sauti iliyopita kamba za nguo, ikapita tangi la maji, ikafika mpaka kwa jirani wa ghorofa: "Mama Loserian! Maziwa!"

Naliaka alitoka na sufuria. Walisalimiana, na mama yule akamimina maziwa mpaka povu likafika ukingoni.

"Jana jioni walipita," alisema akifunga kifuniko. "Nimehesabu kwa mara ya kwanza maishani mwangu, nikachanganyikiwa kwenye themanini. Si uje Jumapili, na kijitabu."

"Nitakuja," Naliaka alisema. "Cha buluu kimejaa. Nitanunua kipya."